Waziri wa Chumvi na Kiu Yake

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, katika nyika ya mbali isiyo na hata mti wa kujificha ukibanwa na haja, alitawala Mfalme Simba.

Nguchiro alianza kazi kwake akiwa mtoa kupe. Kila kupe aliyemtoa, sifa moja kwa mfalme. "Ewe mtukufu, hata kupe wako wana afya!"

Basi akapewa uwaziri wa chumvi. Kukaa kidogo, akawa pia mkurugenzi wa Kampuni ya Chumvi. Mchimbaji yeye, mkaguzi yeye. Kazi nyingi, maskini! Mpaka akaota kitambi.

Siku moja akatangaza kuwa hakuna tena chumvi, akafunga mlango wa shimo la chumvi.

"Imekwenda wapi, Mheshimiwa?" akauliza Tembo, mkuu wa askari.

"Imelala. Wewe umesomea chumvi?"

"Hapana."

"Basi linda mlango, na usije ukaiamsha."

Tembo, na mwili wote ule, akaanza kunyata! Huko ndani wana wa Nguchiro wanalamba, mlya, mlya, mlya.

Sasa, kulikuwa na Mama Digidigi, mdogo kuliko sikio la Tembo. Mwanawe alishindwa kusimama kwa kukosa chumvi. Akaenda ofisini.

"Shikamoo Mheshimiwa. Mwanangu ananifia. Nipe chembe tu."

"Marahaba, mama. Serikali inakuonea huruma sana. Njoo mwakani." Akainua mtungi wa maji, gugugu! Akaumaliza. Akaitisha mwingine.

Mama Digidigi akautazama ule mtungi. Kiu ya nini asubuhi yote hii? Akatoka, moja kwa moja kwa mfalme.

"Baba, waziri wetu amekonda kwa kututumikia. Mfanyie sherehe, atuhutubie."

Na huko barazani, nyie, ilikuwa mwiko kunywa maji kabla ya mfalme, na mfalme hanywi mpaka hotuba iishe.

Siku ikafika. Nguchiro akasimama. "Ndugu wananchi, mimi nimejinyima..." Ulimi ukanata kaakaani, nata!

"Endelea, Mheshimiwa!" akapaza sauti Mama Digidigi, na vigelegele juu. "Tuambie ya uwaziri!"

"Nime... nimeji..."

"Na ya ukurugenzi! Hatujashiba!"

Macho yakamtoka. Mara chubwi! Kichwa ndani ya birika kubwa la maji ya mfalme. Gugugugu!

Baraza zima likanyoosha shingo.

"Mheshimiwa," akasema Tembo, "kiu gani hiyo?"

"Ni jua, bwana."

"Jua si letu sote?" akasema Mama Digidigi. "Kiu hiyo ni ya mlamba chumvi. Tembo, baba, hebu kaiamshe!"

Tembo akaupiga mlango teke, puu! Chumvi tele, nyeupe pee, na wana wa Nguchiro wamejilaza juu yake, matumbo wazi.

Nguchiro akavuliwa joho palepale, akafungwa kamba. Mtoto wa Digidigi akaletwa, akalamba. Akasimama, akaanguka, akasimama tena.

"Mwizi mkubwa!" akanguruma Simba. "Na mimi sikujua lolote!"

Kisha akainama birikani. Akanywa. Akanywa. Akanywa mpaka birika likakauka. Mimi sisemi kitu.

Funzo ni hili, wajukuu zangu: anayekula haki ya wenzake, koo lake mwenyewe litakuja kumtaja.