Kijiti cha Mwisho cha Fundi Semboja

Hapo zamani, si zamani za majini na masultani, ni zamani hizi za kununua hata mashine za mtumba, palikuwa na lango nusu kule Korogwe. Upande mmoja ulisimama, wa pili uliegemea ukuta miaka saba. Fundi Semboja, mchomeleaji, alifariki kabla hajaumaliza. Alikuwa amemwahidi bintiye Zaituni: "Siku ya harusi yako utatoka kwa lango langu."

Sasa harusi ni kesho, na Zaituni anamtaka baba yake. Kwa kuwa hampati, analitaka lango.

Kaka yake Mhina akaenda Tanga, akarudi na mashine ya kuchomelea iliyochoka, ameipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Akaichomeka ukutani. Paa! Swichi kuu ikaanguka. Akawasha tena. Paa! Akajua: waya mwembamba, mzigo mkubwa. Akazima friji, akavuta waya mnene toka swichi kuu. Mashine ikanguruma. Mama yao, Bi Mwanahawa, akaketi chini akalia, maana sauti ile aliikosa miaka saba.

Mashine inanguruma, lakini haichomi! Vijiti vya kuchomelea vya marehemu, vilivyokaa chini ya kitanda, vimeingia unyevu. Vikanata, vikaharibika. Bi Mwanahawa akavichukua vilivyobaki, akavikausha juu ya jiko alilokaangia maandazi ya harusi, akivigeuza kimoja kimoja.

Vimekauka, lakini bado cheche hafifu! Vikaharibika tena. Zaituni akakitazama kibano cha ethi, kile cha kurudisha umeme kwenye mashine, kilivyouma chuma. "Ni rangi yetu," akasema. Kila Idi walilipaka lango rangi kwa kumkumbuka baba, na rangi hiyo ndiyo iliyozuia umeme. Bibi harusi akakwangua kwa kisu, hina mbichi ikamharibika mkononi. Cheche zikaruka.

Wakachomelea, lakini vijiti vingi vilikwisha haribika; kufikia hapo imebaki bawaba moja, na kijiti kimoja. Kuchomelea wote watatu wanajua, marehemu aliwafundisha.

Mhina akasema, "Nipeni mimi. Mashine nimeileta, umeme nimeupata. Baba alikuwa akiniita nimshikie chuma, nami nakimbilia mpira. Leo nimeitika, mama."

Bi Mwanahawa akasema, "Nimevilalia vijiti hivi tangu mume wangu aondoke. Mnataka nibaki na nini? Nipeni nishike alichoshika."

Zaituni akasema, "Ahadi ni yangu, na kosa nimeliona mimi. Ninyi mtalifungua lango hili kila asubuhi. Mimi nitalipita kesho, basi."

Wakabishana, kisha wakalia. Mwishowe wakanikabidhi kijiti mimi, jirani mwenye mdomo mrefu kuliko akili, niwaamulie. Kilikuwa bado na joto la jiko. Mikono mitatu ikanyooshwa mbele yangu.

Haya, mnaonicheka, semeni. Je, nani alistahili kupewa?