Taa ya Kijani ya Kinyonga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiendesha pikipiki na binadamu bado anatembea kwa miguu, palikuwa na Kinyonga mmoja, mama mtu mzima, mwenye pikipiki ndogo kama sahani.

Msicheke. Najua mnamjua Kinyonga anavyotembea: hatua moja, anasita, anayumba, anafikiri kwanza, ndipo anyanyue mguu mwingine. Lakini mpandishe kwenye pikipiki uone. Vruuuum! Unabaki unapangusa vumbi usoni.

Wala pikipiki ile haikuwa ya kujionyesha. Mama yake Kinyonga alikuwa mgonjwa, anakaa ng'ambo ya mto, na kila jioni ilikuwa lazima anywe dawa. Kwa miguu, Kinyonga angefika keshokutwa. Kwa pikipiki alifika uji wa mgonjwa haujapoa.

Tabu ilikuwa Kiboko. Jioni ndipo Kiboko anapotoka mtoni kwenda kula majani, na akishashika njia haangalii chini. Siku moja alinyanyua mguu wake, ule mguu kama kinu, akataka kuushusha palepale Kinyonga anapokatiza.

"Weeee! Kiboko! Kuna mtu huku!"

"Uuuh!" Kiboko akarudisha mguu. "Nisamehe, dada. Taa yako ya mbele naiona ukinijia. Ukishanifika ubavuni, hakuna kitu. Giza tupu."

Kesho yake Kinyonga akanunua kitaa kidogo cha kijani, akakifunga chini ya tanki. Kikawa kinamulika ardhi kushoto na kulia, taratibu, bila kumwumiza mtu macho. Tangu hapo Kiboko akiona mwanga ule anasimama na kupunga sikio.

"Pita, dada! Msalimie mama!"

Sasa sikilizeni habari ya sheria, na wewe uliyejifunika mkeka, funua masikio. Mfalme Simba alikuwa ametangaza hivi: pikipiki iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Taa ya buluu ni ya askari wa mfalme peke yao, ili ukiiona ujue serikali inapita, ukae pembeni. Taa nyingine za urembo, kijani au njano, anayependa na afunge, mradi asimmulike mwenzake machoni.

Sheria nzuri kabisa. Shida ilikuwa kwa wenye kuisimamia.

Walikuwa wawili. Mmoja ni Sajini Fisi, mwenye maneno mengi. Wa pili ni Koplo Nyati, mwenye mabega mapana, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali alichosema Sajini. Fisi alikuwa na yadi ya kuwekea pikipiki zilizokamatwa. Ajabu ya yadi ile, pikipiki ikiingia na siti ya ngozi, baada ya siku chache haina siti.

"Panya wengi pale," alikuwa akisema Fisi, huku anajichokonoa meno.

Jioni moja Kinyonga akakuta gogo limelazwa katikati ya barabara.

"Simama! Zima! Shuka!" akabweka Fisi. "Taa ya buluu hiyo! Unajifanya askari?"

"Shikamoo, afande. Hii taa ni ya kijani. Mfalme ameiruhusu."

"Buluu!"

"Kijani, afande."

"Unanifundisha rangi, mimi? Koplo, taa hii rangi gani?"

Nyati akaitazama taa. Kisha akautazama mdomo wa Fisi. "Ee... buluu, afande."

"Umesikia? Kesho magharibi uje na pikipiki mbele ya mfalme. Ukishindwa, inaingia yadi kwangu na haitoki." Fisi akaitupia jicho siti ya ngozi, akameza mate. Gluk!

Hapo Kinyonga akakasirika. Na nyie mnajua, hasira ya Kinyonga haifichiki. Ilianzia mkiani, ikapanda mgongoni, ikafika midomoni, akawa mwekundu kama pilipili iliyoiva.

"Tena usinisimamie hapo umetulia," Fisi akaendelea kufoka, "umekuwa kijani kama tembele, utadhani hujafanya kosa!"

Kinyonga akajitazama. Mwekundu. Akatazama tena. Mwekundu kabisa! Jicho lake moja likamgeukia Fisi, la pili likamgeukia Nyati.

"Koplo," akauliza kwa upole, "eti na wewe unaniona wa kijani?"

"Afande ameshasema," akajibu Nyati.

"Kumbe!" akajisemea Kinyonga moyoni. Hawa wawili hawatofautishi nyekundu na kijani! Wamezaliwa hivyo, na wala si dhambi, wanyama wengi wa mwituni wako hivyohivyo. Dhambi ni kumkamata mtu kwa rangi usiyoiona.

Akapeleka dawa. Lakini kesho yake mchana kutwa alikuwa na wasiwasi, kwa sababu alikumbuka jambo jingine. Je, na mfalme mwenyewe haoni? Nani basi atamwambia mfalme mbele za watu kwamba haoni? Na pikipiki ikienda, mama atakunywa dawa saa ngapi?

Magharibi ikafika. Uwanja wa mfalme ulijaa, wanyama chini, ndege juu ya vichaka. Kinyonga akaingia na pikipiki yake, na begani ametundika kikapu. Akawasha kitaa.

"Kijani! Kijani!" wakapiga kelele ndege wote.

"Napinga!" Fisi akaruka. "Mfalme, ndege wanakaa mitini, na Kinyonga anakaa mitini. Ni majirani hawa! Wanabebana!"

Simba akakitazama kile kitaa. Akakitazama muda mrefu. Akajikuna shingo.

"Hmmm," akasema. "Mimi mfalme mzima siwezi kukaa nakodolea macho taa ya pikipiki. Askari ninao wa kazi hiyo. Askari wangu, mnasemaje?"

"Buluu!" wakaitika Fisi na Nyati kwa pamoja.

Kinyonga akakikaza kikapu begani. Aliyoyaogopa ndiyo hayo. Lakini akavuta pumzi, akainama.

"Mfalme, Sajini kasema vizuri. Ndege waachwe, wanyamaze kimya. Mimi sitaki macho ya jirani, nataka macho ya askari wako. Niruhusu niizibe taa kwa kanga yangu hapa chini ya tanki na kuifunua, kisha tena, mara tatu. Kila nikifunua, Sajini akunong'oneze rangi sikio la kulia, na Koplo akunong'oneze sikio la kushoto, kwa wakati mmoja. Wakipatana mara zote, chukua pikipiki, na mimi nikiwa juu yake."

"Hiiii-hihihihi!" Fisi akacheka. Lakini mkia wake ulikuwa umeingia katikati ya miguu. Angekataa vipi, na watu wote wanamtazama?

"Sawa," akasema Simba.

Kinyonga akaziba, akafunua. Askari wakanong'ona. Psss! Psss!

"Wote wamesema buluu," Simba akatangaza. "Wamepatana."

Fisi akalamba midomo. Kinyonga akaziba tena, safari hii akaingiza mikono ndani ya kanga. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru! Akatia mkono kikapuni, akautoa, akaurudisha chini ya tanki. Na mikono yenyewe mnaijua, ikienda inasita, ikisita inayumba. Simba akapiga mwayo, akapiga wa pili. Mwishowe kanga ikafunuliwa.

"Enhee," akasema Simba, akitikisa kichwa kama mjuzi. "Hii sasa imekolea."

Psss! Psss! Sikio la kulia la Simba likasimama. La kushoto likalala.

"Endelea," Simba akamwambia Kinyonga.

Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru! Funua. Psss! Psss!

Simba akainuka wima. "Sajini! Mara ya pili uliniambia nyekundu, na sasa unasema njano. Koplo! Wewe mara ya pili uliniambia njano, na sasa unasema nyekundu. Nyinyi mnatazama pikipiki moja kweli? Haya Kinyonga, nani kapatia?"

"Hakuna, mfalme. Sikubadilisha kitu. Ni kitaa kilekile, kijani kilekile." Akakipindua kikapu. Ikadondoka chupa ya dawa ya mama yake, basi.

"Kwaa! Kwaa! Kwaa!" Ndege walikuwa wamejizuia hadi machozi yanawatoka. Sasa wakacheka wakaanguka vichakani, pu! pu! pu!

Halafu mmoja akakumbuka. Akanyamaza. Wa pili akakumbuka. Uwanja mzima ukawa kimya, maana wote walimsikia mfalme akisema, "Hii sasa imekolea."

Kinyonga akaganda pale alipo. Rangi yake ikapotea, akawa kijivu kama majivu ya jikoni. Amemwumbua askari, na papo hapo amemwumbua mfalme!

Simba akashuka kwenye jiwe lake. Akaja, akaja, akasimama mbele ya ile pikipiki ndogo, pua yake kubwa ikaigusa hendeli.

"Kinyonga."

"Na-na-naam, mfalme."

"Hata mimi nilidhani imebadilika."

Hakuna aliyepumua.

"Tangu utotoni," akasema Simba, na sauti ilikuwa ndogo kuliko mlivyowahi kuisikia, "nasikia watu wakisema nyasi za masika ni kijani, za kiangazi ni njano. Mimi naziona zilezile tu. Nikadhani ni mimi peke yangu niliyeumbwa na upungufu. Mfalme atamwambia nani kitu kama hicho?"

"Hata mimi, mfalme!" Nyati akalipuka kulia, machozi kama ndoo. "Hata mimi! Mimi nilikuwa nafuata tu mdomo wa Sajini!"

"Mimi niliona mwanga, nikasimama," akasema Kiboko kutoka nyuma. "Rangi gani, sikuuliza."

"Na nyinyi mnadhani nguo hizi nilizichagua kwa nini?" akasema Pundamilia.

Basi! Kicheko kikapasuka, wakacheka wote, mfalme akiwa wa kwanza. Walicheka kama watu waliotua mizigo kichwani baada ya safari ndefu. Walipigana mabega, wakaulizana, "Na wewe je?" "Na mimi!" "Miaka yote hii?" "Miaka yote!"

Mmoja tu hakucheka, na ndiye mwenye sifa ya kucheka.

"Na wewe, Sajini?" akauliza Simba. "Unaona?"

"Mimi naona vizuri sana," akasema Fisi, anarudi nyuma kinyumenyume.

"Kinyonga amekuwa rangi gani sasa hivi?"

Fisi akatazama. Akatazama ndege. Akatazama Nyati, lakini mdomo wa Nyati haukumsaidia. "Inategemea na mwanga, mfalme..."

"Vua kofia!" Simba akanguruma. "Nyati alikuwa haoni na akaogopa kusema. Wewe ulikuwa huoni na ukafanya hiyo ndiyo njia ya kula siti za watu! Fungueni yadi, kila mtu achukue chake!"

Fisi akatupa kofia, akatimka, mbio hadi leo, na akisikia mlio wa pikipiki anaingia kichakani.

Nyati akabaki na kazi yake, lakini akaomba apewe mwenzake mwenye macho ya kuona rangi. Yangeyange, yule ndege mweupe, akaruka akatua mgongoni mwake. Ndiyo maana nanyi mkienda malishoni mnamkuta amekaa palepale. Pikipiki ikija, Nyati anauliza, Yangeyange anajibu.

"Kijani, Koplo."

"Pita, mama!"

Kinyonga akaokota chupa yake, akawasha. Vruuuum! Pale mtoni mwanga wa kijani ukateleza juu ya ardhi, na mguu kama kinu ukasimama hewani.

"Pita, dada! Msalimie mama!"

Mama alikuwa amekaa mlangoni, shingo ameinyosha njiani.

"Umechelewa, mwanangu. Roho yangu ilikuwa juu juu. Wamekukamata?"

"Walitaka, mama. Wameshindwa." Akammiminia dawa, akaketi karibu yake.

Mama akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, kisha akamtazama mwanawe toka kichwani hadi mkiani.

"Kweli," akasema. "Umekuwa kijani. Umetulia."

Yangu ndiyo hayo, na la kubeba kwenda nalo kulala ni hili: kitu usichokijua sema hukijui, utapumua wewe na watapumua na wenzako.