Valvu Iliyoungua Mahali Palepale

Isome taratibu, kisha mpelekee mtu unayefanya naye kazi.

Mrisho Kasanda alikuwa kiongozi wa bendi ya dansi mjini Tabora. Yeye alipiga gitaa la solo, na rafiki yake wa tangu utotoni, Yasini Luhende, alipiga gitaa la ridhimu. Wote wawili walitumia amplifaya moja ya zamani, ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama balbu.

Ikaanza tabia moja. Dansi likikolea, valvu moja inaungua na magitaa yanazimika. Mrisho anaweka mpya. Wiki haiishi, nayo imeungua.

"Kaka, tazama," Yasini alimwambia. "Kila mara inaungua ya tundu hilihili la mwisho. Nyingine nzima. Tumpelekee fundi aifungue."

"Valvu za siku hizi feki tu," Mrisho alijibu, akachomeka nyingine.

Sikukuu ya Idi ukumbi ulifurika. Katikati ya wimbo, magitaa yakazimika. Watu wakazomea. Mrisho, kwa aibu na hasira, akamnyang'anya mwimbaji maikrofoni.

"Msitulaumu sisi! Huyu Yasini ndiye anayeunguza mitambo makusudi. Ana wivu, anataka bendi ife!"

Mke wa Yasini alikuwa amekaa meza ya mbele. Yasini alichomoa waya wa gitaa lake, akamshika mkewe mkono, wakatoka.

Tangu hapo Mrisho alikuwa akiibeba amplifaya mwenyewe na kuifungia chumbani kwake. Hakuna mwingine aliyeigusa. Siku moja, akifanya mazoezi peke yake, ile valvu ya mwisho ikawaka nyekundu kupita kiasi, ikafa mbele ya macho yake.

Ndipo alipoipeleka kwa fundi.

"Valvu hazina kosa," fundi alisema. "Kuna kifaa kidogo chini ya tundu kimekufa, kinapitisha umeme mwingi. Ungeweka yoyote hapa, ingeungua." Akakibadilisha.

Mrisho alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Yasini. Alikaribishwa uani, akawekewa chai. Hakuweza kuinywa. Alilia, akaomba radhi.

"Nimekusamehe," Yasini alisema. "Kwa moyo mweupe kabisa."

"Basi njoo Jumamosi tupige pamoja."

Yasini akatikisa kichwa. "Ulinitangaza ukumbini, Mrisho. Radhi umeniletea uani. Sokoni bado wananiita mharibifu, na mke wangu anayasikia. Gitaa nimeshaliuza. Tunahamia Mpanda kwa shemeji zangu."

Jumamosi Mrisho alisimama jukwaani akasema ukweli wote, bila kujificha. Watu walimsikiliza kwa adabu. Wengi wao walikuwa wageni, hawakuwapo usiku ule wa Idi. Alipomaliza, mtu mmoja akamuuliza mwenzake, "Kwani huyo Yasini ndiye nani?"

Kisha muziki ukapigwa, na amplifaya haikuzimika tena.

Funzo: Jambo likiharibika kila mara mahali palepale, chunguza mahali hapo kabla hujamnyooshea mtu kidole, maana kosa la mtambo hutengenezeka, lakini jina la mtu ukilichafua mbele za watu, huenda usiwapate tena watu walewale wa kukusaidia kulisafisha.