Mtoto wa Arafa Aitwe Nani?

Hapo zamani, mpunga ulipokuwa ukitwangwa kwa mikono na mashine haijajulikana, palikuwa na kikongwe aliyeitwa Bibi Sikujua. Sikilizeni vizuri, mimi sirudii.

Kijijini kwake kutwanga kulikuwa na desturi yake. Michi kadhaa, kinu kimoja, na kiongozi anaimba. Akikutaja jina, unashusha mchi. Hajakutaja, mchi wako ubaki juu! Na Bibi Sikujua ndiye aliyekuwa kiongozi tangu usichana wake.

Basi uzee ukamchukulia maneno. Kwanza akasahau majina ya majirani. Kisha ya wanawe. Mwisho akanyamaza kabisa, akawa mtu wa kutazama ukuta.

Mjukuu wake, Arafa, akajifungua binti. Na kwa desturi yao, jina la kitukuu hutolewa na bibi mkubwa wa ukoo, kwa kinywa chake mwenyewe. Kitovu kikaanguka, mtoto bado anaitwa Mgeni tu. Upande wa baba wakachoka.

"Huyo bibi yenu keshakwisha. Mavuno yakimalizika, jina tutatoa sisi."

Arafa akalia. Jirani yake, Siwatu, hakulia. Kila asubuhi alimwendea bibi.

"Bibi, twende kinuni."

Bibi haendi.

"Bibi, twende!"

Bibi anamfinya. Siwatu anafinywa, na wanakwenda.

Kinuni, kiongozi sasa alikuwa Chausiku. Alipomwona bibi, akapunguza mwendo wa wimbo. Wenzake wakanung'unika:

"We Chausiku, tutapika saa ngapi? Waume zetu wale vinu?"

"Na michi pia! Wimbo huu unafuata mguu wa bibi."

Maana mguu wa bibi ulikwisha kuanza kugonga chini. Siku zilivyokwenda, mguu ukafuatwa na kichwa, kichwa kikafuatwa na mvumo mdomoni, mmm, mmm. Lakini neno? Hakuna.

Ikafika siku ya mwisho ya mavuno. Chausiku koo likamkauka, akaenda mtungini kunywa maji. Tabia, mwenye sauti kubwa na masikio mazito, akaudaka wimbo. Akataja majina mawili kwa pumzi moja! Michi ikagongana, kah! Mpunga ukaruka, kuku wakashangilia.

Bibi Sikujua akasimama.

"We Tabia! Unaita wawili kwa mpigo? Nani kakufunza kutwanga, mbuzi?"

Kamtaja kwa jina!

Bibi akaushika wimbo mwenyewe. Siwatu, shusha! Chausiku, shusha! Akazunguka na majina yote, hakuruka hata moja. Kisha akageuka:

"Arafa, mjukuu wangu, mbona umesimama na kichanga juani?"

Vigelegele! Upande wa baba wakaja mbio, wakidhani kuna harusi. Bibi akamtwaa mtoto mikononi.

"Huyu ataitwa jina la aliyenirudisha. Ni nani?"

Loo, kelele!

"Ni mimi," akasema Siwatu. "Tazameni mikono ilivyofinywa! Bila mimi angekuwa anatazama ukuta hadi leo."

"Ulimleta kama gunia la pumba," akasema Chausiku. "Nani aliyempa wimbo wa kumtosha? Nimesemwa na kijiji kizima kwa kuchelewesha wali!"

"Nyie mmembembeleza msimu mzima, hata 'ah' hakusema," akasema Tabia. "Mimi nimekosea mara moja tu, kaamka!"

"Kosa nalo linataka zawadi?" akauliza Siwatu.

"Likifanya kazi kuliko nyie, ndiyo!"

"Jamani," akasema Arafa, "mtoto ni mmoja na jina ni moja. Si sinia la wali tugawane."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Amueni upesi, wanangu, kabla sijasahau nilichouliza."

Haya, ninyi mnaocheka hapo, msinitumbulie macho. Mimi jibu ninalo, na sisemi. Semeni ninyi, na mseme wazi, bibi anangoja na mtoto mkononi: nani alistahili? Je, mtoto aitwe nani?