Dobi wa Majimbo Thelathini na Sita

Akina mama, sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi. Leo nawapeleka Amerika, tena Amerika ya zamani, mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tisa, wakati wanawake wengi wa kule walikuwa bado hawaruhusiwi kupiga kura. Ni mfano tu, msije mkamtafuta mtu wangu kwenye vitabu.

Kulikuwa na dobi mmoja, mjane mwenye wajukuu watano, mwanamke mweusi katika mji mdogo wa kusini. Tumwite Hesta. Alikuwa akifua kwa mke wa daktari, mzungu. Huyo mke wa daktari kwa umri angekuwa binti yake wa kumzaa, lakini alimwita "Hesta" hivyo hivyo, kavu, bila mama wala shangazi. Na Hesta alimwita "bibi". Ndivyo walivyoishi huko.

Sasa mke wa daktari na wenzake walikuwa na jambo lao. Bunge la nchi lilikuwa limekubali kwamba wanawake wapige kura, ila isingekuwa sheria mpaka majimbo thelathini na sita nayo yakubali, moja moja. Basi wale akina mama wakapatana washone blanketi kubwa la viraka. Kila jimbo likikubali, mwanamke wa jimbo hilo atume kitambaa na barua, wao wakishone.

Na nyinyi mafundi cherehani mnajua: kitambaa hakishonwi na wenzake kabla hakijafuliwa. Ukikishona kibichi, siku ya kufua hiki kinarudi na kuwavuta jirani zake, kile chekundu kinachuja, kazi yote inakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Kwa hiyo vitambaa vyote vilianzia kwenye beseni la Hesta.

Hesta alikuwa na pua, jamani, tena mdadisi! Hakuloweka kitu kabla hajakinusa.

"Bibi, hiki cha wapi? Kina unga kwenye mshono."

"Kansas. Aproni ya mama mmoja mkulima. Anasema zamani, kabla wao hawajapata kura, mumewe alivunjika mguu, akalima yeye shamba zima peke yake. Ilipofika siku ya kura, mume akabebwa kwenye machela kwenda kuamua mambo ya mashamba. Yeye akabaki na ng'ombe."

Hesta akacheka mpaka akashika kiuno. Wiki nyingine kikaja cha Massachusetts, kinanuka mafuta ya mashine. Mfumaji wa kiwandani, aliyeanza kazi akiwa na miaka kumi. Aliandika, nimefuma vitambaa vya kuzunguka mji huu, na sijawahi kuvaa gauni la hata kimoja. Hapo Hesta hakucheka. Alikisuuza kile kitambaa mara tatu, polepole, kama anaosha mtoto.

Mwaka ulipogeuka kikaja kizito, cha manyoya.

"Hiki ni kondoo mtupu, bibi."

"Wyoming, huko milimani. Wanawake wa kule wanapiga kura huu mwaka wa hamsini."

"Hamsini! Na waume zao walikula?"

"Walikula, Hesta."

"Na watoto walioga?"

"Nadhani."

"Basi huku wanatutishia nini?"

Mnasikia alivyosema? Alisema *wanatutishia*. Hakusema wanawatishia nyinyi. Kichwani mwake Hesta alikuwa ameshahesabiwa. Watu wa mji ule hawakujua, mke wa daktari hakuuliza, lakini dobi alikuwa anajua majimbo kwa harufu zake, na kila moja alilifua kwa ajili ya kura yake mwenyewe. Maana alikuwa na haja nayo. Shule ya wajukuu zake ilifunguliwa miezi minne tu kwa mwaka, na waliopanga hivyo ni watu wa kuchaguliwa. Hesta alitaka kuwaondoa hao, kwa majina.

"Na jimbo letu, bibi? Mbona halina kitambaa?"

"Letu limekataa. Lakini yakitimia thelathini na sita, hata yaliyokataa yatafuata."

Mwezi wa nane, mwaka elfu moja mia tisa na ishirini, Tennessee ikakubali. Ikawa ya thelathini na sita. Kengele zikagongwa huko na huko. Akina mama wakakumbatiana, mpaka mke wa daktari akamkumbatia Hesta na mapovu yake mikononi.

Siku ya kujiandikisha Hesta alivaa gauni la kanisani akapanga foleni. Mbele yake mwanamke mzungu, karani akamwuliza jina na mtaa, basi, pita mama. Ikafika zamu ya Hesta. Karani akamsukumia kitabu cha sheria.

"Soma hapa."

Akasoma. Alijifundisha kwa Zaburi, akasoma bila kukwama.

"Niambie maana yake."

Akamwambia.

"Sivyo," karani akasema. "Anayefuata!"

Hesta akageuka. Mke wa daktari alikuwa palepale, hatua tatu, na wenzake wote wa blanketi, wamependeza, kila mmoja ameshaandikwa.

"Bibi," Hesta akasema, "mwambie unanijua. Neno moja tu."

Mke wa daktari akatazama glavu zake.

"Hesta, leo si siku ya ugomvi. Tumengoja mno siku hii, usituharibie. Wewe ngoja kidogo."

"Kidogo kiasi gani, bibi?"

Hesta akatoka, akatelemka ngazi na gauni lake la kanisani. Na hicho kidogo, wapendwa, kwa wanawake wengi weusi wa kusini kilikuja kuwa miaka arobaini na mitano.

Sasa nawauliza, nani alimfungia Hesta mlango? Najua mnamwona karani. Karani hakuwahi kufuliwa na Hesta hata leso. Hakuwahi kucheka naye. Mimi macho yangu hayatoki kwa yule mwenye glavu, kwa sababu alikuwa mwema, na alikuwa amepigania haki kweli, na kwa neno moja angeweza angalau kusimama naye.

Na nisingesema habari za watu wa mbali kama sisi tungekuwa salama. Leo tunachagua viongozi wa umoja wetu wa wanawake. Sare zimenyooshwa, karatasi zimekatwa. Hebu tazameni ukumbini. Yuko wapi yule dada anayemlea mtoto wa mama katibu? Yuko wapi mama wa kufagia? Sikilizeni hapo nyuma ya ukuta, masufuria yanavyogongana. Wanne wako jikoni wanatumenyea viazi, nao ni wabatizwa, nao ni wanawake wa kanisa hili. Tumesema hawana sare, hawapigi kura. Tumesema mwakani. Tumewaambia wangoje kidogo.

Mama mwenyekiti, uchaguzi hauanzi. Nenda jikoni mwenyewe, usitume mtu. Waite kwa majina yao, na kama kuna ambaye humjui jina, muulize. Viazi vikiungua, leo tutakula vilivyoungua.