Mstari Ambao Hondohondo Hakuusubiri

Paukwa!

Pakawa!

Walio mbali na moto wasogee. Walio mlangoni waingie. Hadithi hii haisikilizwi mguu mmoja ukiwa nje.

Hapo zamani za kale, katika tundu la mkuyu mkubwa, waliishi Hondohondo na mkewe, Sikudhani.

Hondohondo wana mila yao. Mke akikaribia kutaga, huingia tunduni na kujizibia kwa udongo. Hubakiza ufa mwembamba, wa kupita mdomo tu. Humo hutaga, humo huatamia, humo hulea. Mume huleta chakula ufani. Makinda wakiota manyoya, mama hutoka kwanza, wao huziba tena nyuma yake. Mama huketi tawini akawaimbia, nao huuvunja ukuta wakatoka.

Wimbo huo una mistari minne. Mitatu ni ya hondohondo wote. Wa nne kila mama huutunga mwenyewe. Ndio ufunguo wa nyumba yake. Jirani haujui, kenge haujui. Na makinda huonywa mapema: mkisikia kishindo bila wimbo, shukeni chini kabisa ya tundu, mnyamaze.

Basi, Sikudhani akajizibia. Akataga. Akaangua makinda wawili.

Hondohondo alikuwa mchapakazi. Makuyu yalining'inia mlangoni pake, lakini hakuyagusa. Aliruka hadi ng'ambo ya bonde kutafuta panzi wanono. Fuu! Fuu! Fuu! Akarudi, akatia mdomo ufani, akaondoka. Fuu! Fuu! Fuu!

"Baba watoto, pumzika kidogo," Sikudhani alisema.

"Nikipumzika mtakula nini?"

"Makuyu yapo."

"Makuyu ni chakula cha wavivu." Akaruka.

Kisha ikaja mvua. Haikuwa mvua ya kupita. Chwaa! Asubuhi chwaa, jioni chwaa. Upepo ukainamisha miti. Hondohondo akajaribu kuruka, upepo ukamrudisha tawini kama jani. Akajaribu tena, ukamrudisha tena.

Akakaa. Hakujua kukaa. Akanoa mdomo kwenye gome la mti. Akaubandika ukuta udongo ambao haukuhitajika. Akahama kutoka mwisho wa tawi hadi mwanzo wa tawi, akarudi.

"Unafanya nini huko nje?" mkewe akauliza.

"Sifanyi kitu. Mvua imenifunga."

"Mimi nimefungwa tangu lini? Sogea hapa tuzungumze."

Akasogea. Akachuma makuyu, akampa. Akasikia kikohozi.

"Unakohoa tangu lini?"

"Tangu zamani. Wewe ulikuwa unaondoka haraka."

Hondohondo akasogea karibu zaidi na ufa. Mvua ikanyesha. Ndo, ndo, ndo.

Siku iliyofuata hakujaribu kuruka. Sikudhani alimsimulia habari za makinda: mkubwa alikuwa mlafi, mdogo alikuwa na kwikwi akishiba. Hondohondo akategea ufa sikio. Kwi! Akacheka. Kwi! Akacheka tena. Naye akamsimulia mkewe bonde linavyoonekana kutoka juu, mto ulivyojikunja, moshi wa majiko ya watu. Hakuwahi kumwambia. Hakujua kuwa anayajua.

"Nitakufundisha wimbo wa kutokea," mkewe akasema.

"Huo ni wimbo wa kina mama."

"Jifunze. Kifua hiki sikiamini."

Akajifunza.

*Ko ko ko, udongo umekauka.*
*Ko ko ko, manyoya yameota.*

Jirani yao, Kigong'ota, akachungulia kutoka tundu lake. "Shemeji Sikudhani! Mumeo amegeuka kungwi? Kesho tumletee kanga?"

"Mletee na ngoma," Sikudhani akajibu, akacheka mpaka akakohoa.

*Ko ko ko, mbingu iko wazi.*

"Umeushika wa tatu," akasema. "Bado mmoja. Huo ni wangu, nimeutunga juzi, mvua ikinyesha. Sikiliza vizuri."

Hapo jua likatoka. Bonde lote likang'aa. Panzi wakaanza kulia ng'ambo, kri kri kri.

Hondohondo akatikisa manyoya.

"Baba watoto, mstari mmoja tu."

"Utanifundisha jioni. Panzi hawangoji."

Fuu! Fuu! Fuu!

Jioni alirudi amechoka. Akatia panzi ufani, akasinzia. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa alileta panzi mnono kuliko wote. Akautia mdomo ufani. Hakuna aliyempokea panzi.

"Mama watoto."

Kimya.

"Sikudhani."

Panzi akadondoka chini ya mti.

Kigong'ota akaja mbio. "Niuvunje ukuta, jirani?" Akagonga mara moja tu. Ngo! Wakasikia kucha ndogo ndani, zikishuka, zikishuka, hadi kwenye mzizi ambako mdomo wa ndege haufiki.

"Acha," Hondohondo akasema. "Wanataka wimbo."

Akaketi tawini. Akaimba.

*Ko ko ko, udongo umekauka.*

Kucha zikapanda kidogo.

*Ko ko ko, manyoya yameota.*

Zikapanda tena.

*Ko ko ko, mbingu iko wazi.*

Zikafika ufani. Akaona ncha za midomo miwili. Wa nne hakuwa nao. Akaubuni.

*Tokeni, wanangu, mama yenu anawangoja.*

Midomo ikarudi ndani. Makinda walijua mama yao alipo. Alikuwa amelala kando yao.

Akaimba tena, kwa maneno mengine. Wakapanda, wakashuka. Hondohondo wengine wakaja, mama mmoja mmoja, kila mmoja akaimba mstari wake. Wakapanda, wakashuka. Kila walipopanda, zile kucha zilikuwa na uzito mdogo zaidi. Chakula alichotia ufani kilibaki pale pale; kishindo kile kilikuwa kimewatia hofu. Siku ikapita, ikaja nyingine. Akaimba mpaka sauti ikawa ya kunguru.

Jioni ukuta ukapasuka. Pa! Akatoka mkubwa, mlafi. Njaa ilikuwa imelishinda onyo.

"Mwenzako?" baba akauliza.

"Amesema atangoja wimbo uishe."

Kigong'ota akagonga, akabomoa ukuta wote. Wakainama, wakasikiliza. Hakukuwa na kwikwi. Hakukuwa na kucha.

Hondohondo akashuka mtoni, akaleta udongo. Akaliziba tundu mwenyewe, bila kubakiza ufa.

Tangu siku hiyo hakuvuka tena bonde. Walikula makuyu, baba na mwana, bega kwa bega. Mvua ikaja tena. Chwaa! Kinda akajisogeza chini ya bawa la baba yake.

"Mwanangu," Hondohondo akasema, "ule mstari wa mama yako. Unaujua?"

"Naujua. Alituimbia mara nyingi."

"Niimbie."

Kinda akaimba, taratibu, kama alivyofundishwa gizani:

*Tokeni, wanangu, baba yenu yuko nyumbani.*

Hondohondo akambana kinda chini ya bawa. Mvua ikanyesha. Ndo, ndo, ndo. Hata ilipokatika na panzi wakalia ng'ambo, hakunyanyua bawa.

Wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo: kuna muda ambao hukujia nyumbani bila kuuomba. Mvua huuleta, au njia iliyofungwa. Usiupitishe kwa kunoa mdomo. Kaa na uliye naye, msikilize mpaka amalize. Jua likitoka, lisubirishe kidogo. Panzi wapo kila mwaka.

Hadithi yangu inaishia hapo, kwenye tundu lililozibwa. Aliye na mtu nyumbani na amrudie.