Fisi na Jiko Lisilotoa Moshi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na vyungu vyao, Fisi hakupika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuangalia moshi. Akiuona juu ya nyumba ya mtu, huyoo! "Hodi, wenyewe! Naonja tu kidogo!" Akiingia, anakomba chungu chote, na watoto wa watu wanalala njaa.

Sasa, wanangu, kukatokea jambo la kumsumbua. Kwa Bi Pimbi moshi haukupanda tena. Lakini watoto wake, waliokuwa wamekonda kama njiti, wakaanza kuota mashavu!

"Hapa pana kitu," Fisi akajisemea. "Wanapikia wapi hawa?"

Mchana mmoja akaenda, nyata, nyata, mpaka uani. Mafiga ya baridi. Kuni hakuna, majivu hakuna. Lakini harufu ya maharage ikampiga puani! Na kule nyuma ya nyumba, bwaku! bwaku! Shimo pana linatokota.

"Bi Pimbi! Unapika nini humu?"

Bi Pimbi akatoka na mwiko mkononi. "Karibu, kaka Fisi. Hapo sipiki. Hilo ni tope la samadi."

"Na hayo maharage yanaivaje?"

"Kwa samadi hiyo hiyo. Mama Nyati aliwaonea huruma wanangu. Kila asubuhi ananiletea ndoo ya kinyesi, tena hataki hata asante. Nakikoroga na maji kama uji, namimina kwenye shimo lingine, lile pale lililozibwa, hewa isiingie. Humo kinaoza, kinatoa gesi. Gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni ndani. Nikiiwasha, moto wa bluu, moshi hakuna! Tope linalobaki linatokea hapa, nami nalitia kwenye mchicha."

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kinyesi kiwake moto! Unanidanganya kitoto hivyo, mimi?"

"Haya. Ila nakuomba, usiingie humo."

Fisi akamtazama kwa jicho la pembeni. Ahaa! Mbona anakataza? Kumbe chungu chenyewe ndicho hiki, kimezikwa ardhini!

"Nipishe!"

Chubwi! Tope mpaka kifuani, mdomo umejaa.

"Ptuu! Ptuu! Ni kinyesi kweli!"

"Si nilikuambia?" akasema Bi Pimbi. "Nilijua nikisema kweli hutaniamini."

Ndani, watoto walikuwa wameshalamba sahani. Tehe-tehe-tehe!

Fisi akatoka akitiririka, mkia katikati ya miguu. Bi Pimbi akamwonea huruma. Akabandika sufuria kwenye ule moto wa bluu, akamletea beseni. "Oga, kaka. Maji ya moto haya."

Fisi akainama, akayanusa, akarudi nyuma. "Umetia nini humu?"

Akaenda zake vile vile, ananuka, nzi wakimsindikiza.

Basi wanangu, mlaghai humwona kila mtu mlaghai, hata yule aliyemchemshia maji ya kuoga.